Pietas kwa Kiingereza: piety, duty, devotion, loyalty au pity?

Wengi wetu tunaojifunza Kilatini Afrika Mashariki, seminarini au chuoni, tunakifikia kupitia Kiingereza. Kamusi iliyo mezani ni ya Kilatini na Kiingereza, sarufi imeelezwa kwa Kiingereza, na zoezi la kutafsiri hurudishwa kwa Kiingereza. Mambo huenda vizuri mpaka ukutane na pietas, au kivumishi chake pius. Hapo kamusi inakumwagia maneno matano au sita, kila moja likielekea kwake, na mwalimu anataka moja tu.

Nimeyachukua matano yanayotumika zaidi ili tuyapime kwa vipimo vilevile. Sitakupa moja la kushika siku zote, kwa sababu halipo. Hata hivyo naamini kwamba katika kila sentensi lipo linalofaa kuliko mengine, na linaweza kutafutwa kwa utaratibu, pasipo kubahatisha.

Mroma alikuwa na nini akilini

Cicero, msemaji na mwandishi wa Roma, angali kijana, aliandika katika De Inventione kwamba pietas ndiyo inayotufanya tuwatendee wema na kuwatunza ndugu wa damu na nchi yetu. Miungu haitajwi hapo. Miaka mingi baadaye, katika De Natura Deorum, akaandika kwamba pietas ni haki tunayowatendea miungu. Hakujipinga. Kwake na kwa Waroma wenzake, deni la mtu kwa wazazi, kwa nchi na kwa miungu lilikuwa deni la aina moja.

Hata majengo yalisema hivyo. Mwaka 191 KK, kwenye vita vya Thermopylae huko Ugiriki, jemadari Mroma Manius Acilius Glabrio aliweka nadhiri ya kumjengea Pietas hekalu, maana Waroma walimhesabu kuwa mungu wa kike. Hekalu lilizinduliwa Roma mwaka 181 KK, na aliyelizindua ni mwanawe. Mtoto aliitimiza nadhiri ya baba kwa mungu: ukiulizwa kama hiyo ilikuwa dini au utii kwa mzazi, utajibu vipi?

Picha inayokumbukwa kuliko zote ni ya Aeneas, shujaa wa hadithi za kale, akiukimbia mji wake wa Troy unaoteketea. Amembeba begani baba yake Anchises, mzee ameshika miungu ya nyumbani, na mtoto wa kiume ameshikwa mkono. Julius Caesar aliipiga chapa picha ya Aeneas na baba yake kwenye sarafu zake za fedha. Mshairi Virgil, katika utenzi wake Aeneis, alimfanya Aeneas huyo aitwe pius tena na tena, na hapo ndipo wanafunzi wengi hukwama.

Vipimo

Cha kwanza ni mwelekeo. Nani anamwonyesha nani hiyo pietas? Inapanda kwa miungu na wazazi, inakwenda kwa wenzako na nchi, au inashuka kwa mtoto na mnyonge? Kipimo hiki kina uzito kuliko vingine vyote, na ukiwa na dakika moja tu ya kufikiri, itumie hapa.

Cha pili: je, sentensi inazungumzia lililo moyoni au lililotendwa? Cha tatu ni kinyume chake. Kilatini kina impius, na neno la Kiingereza lisilo na kinyume cha maana litakusumbua mara hiyo impius itakapotokea. Cha nne ni zama za maandishi, kwa kuwa pietas ya Cicero si ile ya Biblia ya Kilatini.

Tutalijaribu kila neno pia kwenye sehemu tatu za Virgil. Katika Kitabu cha 1, Aeneas ametupwa na dhoruba pwani ya Afrika, karibu na Carthage, anakutana na mama yake Venus aliyejibadili sura, naye anajitambulisha: sum pius Aeneas. Katika Kitabu cha 4, Dido, malkia wa Carthage, amekwisha kumlaani kwa kumwacha, amezimia na kubebwa na wajakazi wake, na mstari unaofuata unaanza: at pius Aeneas, "lakini Aeneas aliye pius". Katika Kitabu cha 2, mzee Priam, mfalme wa Troy, anaona mwanawe akiuawa mbele ya macho yake, anapaza sauti kwamba kama mbinguni kuna pietas yoyote inayojali mambo kama haya, miungu na imlipe muuaji.

Piety

Neno hili ndilo la kwanza kujileta, kwa kuwa limefanana na Kilatini kwa sura. Kwa msomaji wa leo wa Kiingereza linapanda tu, tena kwa Mungu peke yake: sala, ibada, uchaji. Maana ya heshima kwa wazazi imebaki kwenye msemo "filial piety" na si kwingine.

Tulitendee haki lakini. Kwenye jaribio la kwanza linakaa vizuri kuliko watu wanavyodhani. Baada ya kujitaja, Aeneas anaendelea kusema kwamba amewabeba melini miungu wa nyumbani aliowapokonya mikononi mwa adui. Anajitambulisha kwa kazi ya dini, hivyo "pious" si kosa. Kwenye la pili linachanganya. Ni kweli anaondoka kwa amri ya Jupiter, mkuu wa miungu, iliyoletwa na mjumbe wake Mercury, lakini msomaji anayemwona mwanamke akizimia, kisha anasoma "pious", anafikia kumwona Aeneas mnafiki, na mstari haukusudii hivyo. Kwenye la tatu halifai kabisa. Miungu haimchi mtu.

Kinyume chake, "impious", kinamfaa anayenajisi hekalu. Kwa yule aliyempiga baba yake, ambaye Virgil anamweka kuzimu katika Kitabu cha 6 pamoja na waliowachukia ndugu zao, kinapwaya.

Nguvu yake iko kwenye maandishi ya Kikristo. Katika Biblia ya Kilatini, Waraka wa Kwanza kwa Timotheo 4:8 unasema pietas hufaa kwa mambo yote, na hapo "piety" au "godliness" ndiyo maana yenyewe. Biblia ya Kiswahili ya Union ina "utauwa". Katika Isaya 11, pietas ni mojawapo ya vipaji saba vya Roho Mtakatifu, ambayo katekisimu yetu ya Kikatoliki inaiita "ibada". Mshairi Mwingereza John Dryden naye, aliyetoa tafsiri yake ya Virgil mwaka 1697, alitumia "pious" lakini akaeleza kwenye utangulizi kwamba neno la Kilatini ni pana mno, linabeba na upendo kwa wazazi na jamaa. Yeye alipata nafasi ya kueleza. Wewe kwenye karatasi ya mtihani huna.

Linamfaa anayesoma Biblia, liturujia na mababa wa Kanisa, na kila mahali ambapo upande wa pili wa uhusiano ni Mungu au miungu.

Duty

Hili linapanda na kwenda pande zote: miungu, wazazi, nchi, watu unaowaongoza. Uzito wake uko kwenye tendo. Mwenye wajibu anautimiza, apende asipende.

Kwa sababu hiyo linang'aa kwenye jaribio la pili. Virgil anasema palepale kwamba Aeneas alitamani kumtuliza Dido, aliugua sana, na moyo wake ulitikiswa na upendo mkubwa, lakini alifuata amri ya miungu akarudi kwenye meli zake. Robert Fitzgerald, katika tafsiri yake ya mwaka 1983, alimwita hapo "duty-bound", na mvutano wote wa mstari ukaonekana kwa pigo moja. Kwenye jaribio la kwanza, "dutiful Aeneas" inasikika kama sifa ya mtoto aliyeandikiwa ripoti nzuri ya shule. Maana ipo, ukubwa haupo. Kwenye la tatu linawezekana ukitaka kusema miungu ina wajibu kwa wanadamu, ila kilio cha Priam kinageuka madai ya mwanasheria.

Lina tatizo jingine ambalo wanafunzi hulisahau. Kilatini kina neno lake la wajibu, officium, na Cicero analitumia ndani ya maelezo yaleyale ya pietas niliyoyataja juu. Ukiandika "duty" kwa yote mawili, sentensi yake inakuwa wajibu ni kutimiza wajibu. Hivyo kabla ya kulichagua, angalia kama officium haipo jirani.

Upungufu mkubwa zaidi ni upendo. Mtu anayembeba baba yake kutoka kwenye moto ana wajibu, sawa, lakini hakuna Mroma aliyeona wajibu mtupu katika picha ile. Ukiona joto la namna hiyo katika matini, usilipoze kwa "duty".

Linamfaa mwanafunzi wa Virgil kwenye sehemu ambazo Aeneas anavutwa huku na huku, na anayesoma maandishi ya siasa na maadili ya Jamhuri ya Roma.

Devotion

Kama "duty" ni mkono, hili ni moyo. Linaweza kuelekea kwa Mungu, mzazi, mume, mke au mtoto bila kulazimishwa, na kwa kipimo cha mwelekeo ndilo pana kuliko yote.

Mahali pake hasa ni makaburini. Mawe ya makaburi ya Kiroma yamejaa neno pientissimus na pientissima, yaani aliye pius kupita kiasi cha kawaida. Wazazi wanamwandikia mtoto, mume anamwandikia mke, watoto wanamwandikia mama. "Most dutiful" juu ya kaburi la mtoto mdogo inaumiza sikio, na "most pious" inamfanya kuwa mtawa. "Most devoted", au hata "most loving", inasema walichokisema wafiwa. Vivyo hivyo katika Salve Regina, ambapo Bikira Maria anaitwa "o pia", sala ya Kiingereza iliyozoeleka inasema "o loving".

Kwenye majaribio yetu halifui dafu sana. "I am Aeneas the devoted" inamwacha msomaji akiuliza, kwa nani? Katika la pili swali hilo linazidi, maana kwa Dido hakujitoa. La tatu linakataa. Tena halina kinyume cha kueleweka. "Undevoted" si neno la kutegemea.

Anayesoma Livy, mwanahistoria wa Roma, awe mwangalifu zaidi. Waroma walikuwa na tambiko liitwalo devotio, ambalo jemadari alijitoa mhanga yeye na jeshi la adui kwa miungu ya kuzimu. Livy anasimulia jinsi Publius Decius Mus alivyofanya hivyo mwaka 340 KK katika vita na Walatini. Ukitumia "devotion" kwa pietas katika kurasa hizo, msomaji hatajua unasema lipi.

Linamfaa anayetafsiri maandishi ya makaburi, barua za kifamilia na sala.

Loyalty

Hili ni la nchi, jeshi, ukoo na kiongozi. Mwaka 42 BK gavana Scribonianus alimwasi Kaisari Claudius huko Dalmatia. Vikosi vya VII na XI vikamwacha mwasi, vikapewa cheo cha Claudia Pia Fidelis, na hapo "loyal and faithful" inatosha. Kwenye vita vya Munda, mwaka 45 KK, wana wa Pompey waliokuwa wakipigana na Caesar baada ya baba yao kuuawa walitumia Pietas kama neno la siri la jeshi. Quintus Caecilius Metellus naye aliitwa Pius kwa jinsi alivyopigania baba yake arudishwe kutoka uhamishoni. Katika mifano hii miwili ya mwisho "loyalty" inafanya kazi, mradi msomaji ajue kwamba uaminifu wenyewe ni kwa baba.

Kipimo cha kinyume ndicho kinachoonyesha thamani yake. Virgil anaziita silaha za vita vya wenyewe kwa wenyewe arma impia. "Impious arms" yaonekana kama kuvunja mwiko wa dini tu, na "undutiful arms" haileti maana. "Disloyal" inagusa jeraha lenyewe: raia amemgeukia raia mwenzake.

Kwa majaribio mengine halina la ajabu. La kwanza linapita kwa shida, la pili linamfanya Dido acheke kwa uchungu, la tatu halipo. Na likikutana na fides, ambayo ndiyo uaminifu kwa Kilatini cha kawaida, liipishe.

Linamfaa msomaji wa historia ya Roma, sarafu na maandishi ya kijeshi.

Pity

Watu hulisahau, ilhali ni mtoto halali wa pietas sawa na "piety". Yote mawili yalipita Kifaransa cha kale yakaingia Kiingereza, na zamani yalikuwa hayatofautiani vizuri. Mwelekeo wake ni kushuka: aliye juu anamwangalia aliye chini.

Je, Waroma wa zamani waliijua maana hiyo? Jaribio la tatu linajibu. Priam haiombi miungu iwe na dini. Anauliza kama huko juu kuna yeyote anayeguswa. "Pity" au "compassion" ndiyo sauti yake, na hakuna neno jingine kati ya matano linaloikaribia. Sheria nayo inajibu. Kaisari Hadrian, aliyetawala 117 hadi 138 BK, alimhamishia kisiwani baba aliyemuua mwanawe mawindoni, ingawa mtoto alikuwa amelala na mama wa kambo. Sababu iliyohifadhiwa katika Digesta ya Justinian, mkusanyo wa sheria za Kiroma, ni kwamba mamlaka ya baba yanapaswa kusimama juu ya pietas, si juu ya ukatili. Hapa pietas inashuka kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto, na "duty" inaacha nusu ya maana nje.

Kadiri miaka ya Ukristo inavyosonga, maana hii inakua. Pie Jesu inayoimbwa kwenye misa ya wafu ni Yesu mwenye huruma, si Yesu mcha Mungu. Sanamu ya Michelangelo iliyoko Basilika la Mtakatifu Petro, Maria akiwa na mwili wa mwanawe mapajani, inaitwa Pietà kwa Kiitaliano kwa maana hiyohiyo.

Lakini kuna mtego, na upo mahali pazuri kuliko pote katika utenzi. Katika Kitabu cha 10, kijana Lausus anajitupa kati ya Aeneas na baba yake Mezentius aliyejeruhiwa. Aeneas anamuua. Kisha anautazama uso wa kijana unaofifia, anaugua kwa huruma, anamnyoshea mkono, na picha ya pietas kwa baba inamwingia moyoni. Aeneas mwenyewe ndiye mtoto aliyembeba baba. Anajiona katika yule aliyemuua. Huruma imekwisha kutajwa kwa neno lake, miserans. Pietas hapo ni kile alichokuwa nacho Lausus kwa Mezentius, na anachokitambua Aeneas ndani yake. Ukiandika "pity" umeyaunganisha mambo mawili ambayo Virgil ameyaweka bega kwa bega ili moja lizae jingine. Andika "love for a father" au "filial devotion", uache huruma ibaki kwa miserans.

Linamfaa anayetafsiri sala, nyimbo za Kanisa na sheria za familia, na kila mahali mwenye nguvu anapomtazama asiye nazo. Kama "pity" inasikika kama kudharau, "mercy" au "compassion" inabeba maana ileile.

Neno moja kazi nzima, au kila sehemu neno lake?

Hili linawagawa watafsiri kwa haki. Anayebadili neno kila mara anapata sentensi safi, lakini msomaji wake hatajua kwamba aliyemwacha Dido na aliyemlilia Lausus wanapewa sifa ileile. Anayeshikilia neno moja analinda uzi huo, na analipa kwa sentensi zinazokwaruza.

Kaisari Antoninus aliitwa Pius alipotawala kuanzia 138 hadi 161 BK. Maisha yake yaliyoandikwa katika Historia Augusta, mkusanyo wa kale wa maisha ya makaisari, yanatoa sababu kadhaa za jina hilo: alimshika mkono baba mkwe wake mzee barazani mwa seneti, aliwaokoa watu ambao Hadrian aliamuru wauawe, alisimama kidete Hadrian apewe heshima za kimungu baada ya kufa, alikuwa mpole kwa tabia. Mwandishi huyo wa kale aliziacha sababu zikae pamoja. Mimi naegemea kubadili neno katika maandishi mafupi, na kushika moja au mawili katika utenzi mzima, nikiandika maelezo mafupi mwanzoni. Wapo walimu wazuri wanaoacha pietas bila kuitafsiri, na kwa makala ya kitaaluma nawaunga mkono.

Uamuzi kwa hali yako

Uko kwenye mtihani wa Virgil na saa inakwenda: anza na "duty" kama Aeneas anatii au anaondoka, "piety" kama kuna sadaka, madhabahu au miungu ya nyumbani kwenye mistari ya karibu, na "pity" kama wanaoombwa ni miungu.

Unasoma Cicero: tazama kwanza kama anazungumzia miungu au jamaa na nchi, kwa sababu ana maelezo mawili. Kwa miungu "piety", kwa jamaa na nchi "duty", isipokuwa officium iwe imekwisha kulichukua neno hilo.

Unafanya kazi ya historia, jeshi au sarafu: "loyalty", ukitaja ni kwa nani.

Una picha ya jiwe la kaburi: "devoted" au "loving".

Unasoma Biblia ya Kilatini au sala za Kanisa: "piety" au "godliness" kwa mwanadamu. Kivumishi kikimwelekea Mungu, Kristo au Maria, ni "merciful" au "loving".

Umekutana na impius: usianze na pius kabisa. Uliza kwanza kosa ni lipi. Kwa hekalu ni "impious", kwa mzazi ni "unnatural" au "undutiful", kwa taifa ni "disloyal".

Na kama Kiingereza ni njia tu, unakokwenda ni Kiswahili, usitafsiri neno la Kiingereza ulilolichagua. Rudi kwenye mwelekeo. Anayepanda kwa Mungu ana uchaji au utauwa, anayemtunza mzazi ana utii na upendo, anayeshuka kwa mnyonge ana huruma. Waliotafsiri Salamu Malkia walimwona Maria akiwaelekea watoto wake wanaolia bondeni kwenye machozi, nao kwa "o pia" wakaandika "ee mwema".